Picha zilizotiwa rangi, au ndege waliotiwa rangi?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Natayarisha maelezo ya picha za ndege za karne ya 18 kutoka Ufaransa kwa ajili ya maonyesho madogo. Nimeandika: "Michongo ya kale ya ndege za kigeni zilizopakwa rangi kwa mkono." Mwenzangu anasema sentensi haijakaa sawa, lakini hawezi kueleza kwa nini. Kasoro iko wapi?

JIBU: Marahaba. Mwenzako amesikia vizuri. Kasoro kubwa ni ya upatanisho. Ndege mwenye manyoya ni kiumbe hai, kwa hiyo tunasema "ndege wa kigeni", "ndege hawa". "Ndege za kigeni" ni vyombo vya kusafiria. Kisha "zilizopakwa" haliwezi kurejelea "michongo", maana hiyo ingedai "iliyopakwa". Kwa hiyo ulichoandika ni kwamba vyombo hivyo vya angani ndivyo vilivyopakwa rangi.

Badala ya "michongo", tumia "picha", na sarufi itakufanyia kazi yote. "Picha za ndege zilizotiwa rangi": rangi iko kwenye picha. "Picha za ndege waliotiwa rangi": kuna mtu aliyewakamata ndege wenyewe akawapaka. Silabi mbili tu zimebadilika, na maana imehama kutoka kwenye karatasi hadi kwenye manyoya. Huu ni utajiri wa lugha yetu, tusiupoteze kwa haraka ya kuandika.

"Michongo" nalikataa kwa sababu nyingine pia. Anayechonga hutoa umbo, kama kinyago au mwiko. Fundi wa picha hizi alichora mistari kwenye bamba la shaba kwa kalamu ya chuma, akajaza wino kwenye mifereji hiyo, akafuta uliobaki juu, kisha akalikandamiza bamba kwenye karatasi yenye unyevu. Kilichochorwa ni shaba. Karatasi imepigwa chapa. Na kitenzi "chora" kinafaa kabisa hapa, kwa kuwa tangu zamani kinabeba pia maana ya kukata nakshi kwenye kitu kigumu.

Rangi ilikuja mwisho, kwa brashi, nakala moja baada ya nyingine. Kwa mabamba 1,008 yaliyochorwa na fundi François-Nicolas Martinet kwa ajili ya kazi ya Buffon, mtaalamu Mfaransa wa viumbe wa karne ya 18, mafundi zaidi ya 80 walishiriki. Ndiyo maana nakala mbili za bamba moja hazifanani rangi. "Kupaka" si kosa, ila mimi huliachia ukuta na mafuta ya mwilini. Kwa rangi ya maji inayofuata mistari napendelea "kutia".

"Ya kale" umechagua vyema. Usikubali mtu akubadilishie kuwa "kuukuu", neno linalodokeza uchakavu.

Lakini "wa kigeni", je, wageni kwa nani? Kwa watu wa Paris, korongo mwenye taji alikuwa kiumbe wa ajabu. Buffon alimwita ndege wa kifalme. Kwetu, ndugu yake yumo kwenye bendera ya Uganda. Mtazamaji wako atakayemtambua atashangaa kuambiwa ni mgeni. Andika "ndege wa nchi za mbali na Ulaya", au bora zaidi, wataje: kasuku, korongo, mnana.

Mimi ningeandika: "Picha za kale za ndege wa nchi za mbali na Ulaya, zilizopigwa chapa kwa mabamba ya shaba na kutiwa rangi kwa mkono."

Ukiongeza baadaye picha za ndege zilizotolewa na John Gould, mtaalamu wa ndege wa London, katika karne ya 19, ondoa "mabamba ya shaba". Hizo zilichorwa juu ya jiwe, ingawa nazo zilitiwa rangi kwa mkono.