Maswali na Majibu: Redio Koli, Ziwani na Juu ya Mawe

Barua za safari hii karibu zote zinauliza kuhusu redio koli, zile ambazo wazee wetu waliziita simu za upepo. Inaonekana watu wa Mwanza wanatoka sana siku hizi: wapo wanaopanda mawe, wapo wanaovua sangara kwa burudani Jumapili, wapo wanaowapeleka vijana kupiga kambi Ukerewe. Mjini simu inakamata vizuri. Ukisogea ziwani na boti, ndipo unaanza kuinyanyua juu kutafuta mtandao. Maswali yaliyofanana nimeyaunganisha.

Mwangaluka, mwandishi. Nilinunua redio mbili, boksi linasema zinafika kilomita 56. Nilibaki ufukweni Igombe, mwenzangu akaingia ziwani na boti. Hata kilomita sita hakufika, sauti ikapotea. Nimeuziwa feki? (Msomaji wa Igombe)

Mwangaluka. Inawezekana kabisa redio ni nzima na boksi ndilo linalodanganya. Kilomita 56 ni zile maili 35 zinazoandikwa kwenye maboksi ya Marekani. Umbali huo unapatikana mmoja akiwa juu ya mlima, mwingine chini bondeni, na katikati pasiwe na kitu. Wewe ulikuwa umekaa mchangani.

Mawimbi ya redio hizi husafiri karibu sawa na mstari ulionyooka, lakini uso wa dunia umepinda, na ziwa nalo limepinda pamoja nao. Ukifika umbali fulani, maji yenyewe yanakuwa kilima kati yako na mwenzako, hata kama macho yanakuambia ni tambarare. Kuna hesabu fupi ya kukadiria. Chukua urefu wa antena kutoka usawa wa maji kwa mita, tafuta kipeuo chake cha pili, zidisha kwa 4.12. Fanya hivyo kwa kila upande, kisha jumlisha. Antena mbili zilizo mita 1.5 juu ya maji zinakupa kilomita 10 hivi. Hapo ni mwisho wa njia hata redio ingekuwa na nguvu kiasi gani. Redio ya nusu wati iliyoshikwa karibu na maji haiufikii mwisho huo. Kukatikia kilomita nne au tano ni jambo la kawaida. Kwa hiyo mlifanya vizuri tu.

Sasa panda jiwe. Mwanza Mungu ametupa mawe bure. Ukikaa kwenye mwamba ulio mita 36 juu ya ziwa, hesabu ileile inatoa kama kilomita 30 hadi kwa mtu aliye kwenye boti. Redio ni ileile na betri ni ileile, ila umebadilisha mahali pa kukaa. Ndiyo maana nikisikia mtu anataka kuuza redio ya wati mbili anunue ya nane, namuuliza kwanza alikuwa amesimama wapi. Hata pale ambapo hakuna kizuizi chochote, kuongeza nguvu mara nne kunakupa takribani mara mbili ya umbali, na kile kilima cha maji hakisogei.

Kama kundi lenu ni kubwa, mwekeni mtu mmoja juu awe anapokea na kupitisha ujumbe kati ya boti na kambi. Ni kazi ya kuchosha, mpeni na chai. Antena isimame wima, isilazwe, na redio itoke mfukoni au kiunoni wakati wa kuongea, kwa sababu mwili wa mtu unameza mawimbi. Ila usisimame ndani ya mtumbwi kutafuta sauti. Kutoka mita moja hadi mbili unaongeza kilomita isiyofika mbili, na mtumbwi ukipinduka hesabu zote zimekwisha.

Dada yangu yuko Marekani, amenitumia redio mbili ambazo kule hazihitaji leseni. Naweza kuzitumia hapa? (Msomaji wa Nyakato)

Ruhusa ya kule inaishia kule. Redio hizo kwa kawaida ni za huduma inayoitwa FRS, inayotumia masafa ya 462 na 467 MHz, na anayewaruhusu Wamarekani kuzitumia bila leseni ni mamlaka yao ya mawasiliano. Ulaya nao wana zao, PMR446, zenye nguvu ya nusu wati kwenye masafa ya 446 MHz. Kwa mpangilio wa kimataifa Tanzania iko kundi moja na Ulaya, haiko na Marekani, kwa hiyo masafa ambayo dada yako anayaona ya wazi huenda hapa yamegawiwa kampuni ya ulinzi au mgodi.

Kwetu mwenye mamlaka ni TCRA, yaani Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, chini ya Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010. Sheria hiyo inataka leseni kwa anayetumia masafa, na kifaa chenyewe kiwe kimethibitishwa. TCRA wana ofisi ya Kanda ya Ziwa hapahapa Mwanza. Andika jina la modeli na masafa yaliyo nyuma ya redio, nenda nayo ukaulize kama imethibitishwa, kama masafa yake yanaruhusiwa kwa matumizi yako, na ada ni kiasi gani. Ambaye bado hajanunua aanze na safari hiyo kabla ya kwenda dukani.

Jihadhari zaidi na zile redio za bei rahisi unazoweza kuzipanga masafa mwenyewe, kuanzia 136 hadi 174 MHz na kuanzia 400 kwenda juu. Zinashawishi kweli, lakini kidole kimoja kikikosea unawaingilia watu walio kazini. Mzaha wako unaweza kumzibia mtu anayeomba gari la wagonjwa.

VHF au UHF? Tunapanga kwenda Rubondo, halafu baadaye tupande mawe ya huku mjini. (Kikundi cha matembezi, Ilemela)

Kwa redio hizi, VHF ni yale masafa ya chini, ya 136 hadi 174 MHz, na UHF ni yale ya kuanzia 400 kwenda juu. Rubondo ni msitu mnene, na majani mabichi yanameza UHF kuliko VHF. Mjini kwenye majengo, UHF inapenya madirishani na kwenye vichochoro vizuri zaidi. Juu ya maji zote mbili zinafaa. Kwenye mawe ya Mwanza tofauti yake ni ndogo; kinachowaponza watu hapo ni kukaa nyuma ya jiwe la granaiti lenye ukubwa wa nyumba na kushangaa kwamba hawasikiki. Sogea hatua tano, ujaribu tena.

UHF ina faida nyingine: antena yake ni fupi. Antena ya robo wimbi kwa 150 MHz ni nusu mita, kwa 450 MHz ni sentimita 16 au 17. Vile vijiti vifupi vya VHF vinavyouzwa na redio ni maafikiano tu, vimekunjwa ndani ili viingie mfukoni, na nguvu kiasi inapotea humo.

Mimi ningewashauri mchague UHF kama safari zenu nyingi ni za mjini na ufukweni, na Rubondo mkae karibukaribu. Muhimu wote muwe na aina moja, maana VHF na UHF hazisikilizani. Na kwa kuwa Rubondo ni hifadhi ya taifa, waambieni wahifadhi mnapoingia kwamba mmebeba redio.

Tumeweka ule "msimbo wa siri" kwenye redio zetu, lakini jamaa mmoja mwaloni Kirumba akaturudishia maneno yetu yote. Imekuwaje? (Vijana wa Kirumba)

Hakuna siri pale. Msimbo huo ni mlio mzito unaosafiri chini ya sauti yako, kati ya hezi 67 na 254, na redio ya mwenzako imeambiwa ifungue spika ikisikia mlio huo tu. Unawazuia wengine wasikupigie kelele. Wewe haukufichii chochote. Mwenye redio isiyo na msimbo, akiwa kwenye chaneli hiyohiyo, anasikia kila neno. Mbaya zaidi, msimbo unaweza kukufanya udhani chaneli iko wazi kumbe kuna watu wanaongea, ukawakatiza. Mambo ya fedha, na lile la nani yuko na nani kambini, yawekeni kiporo mpaka mkutane.

Habari za kazi, kaka. Nina watoto wa miaka 9 na 12, tunakwenda Saanane na shangazi yao. Nikiwapa redio, niwafundishe nini? (Mama wa Bwiru)

Nzuri, mama. Saanane ni hifadhi ndogo kuliko zote za taifa nchini, kilomita za mraba 2.18 tu, na iko karibu na Capri Point, kwa hiyo redio za kawaida zinatosha. Watoto wanajifunza upesi kuliko sisi. Wafundishe kwamba redio si simu: anaongea mmoja tu, na ukiwa umebonyeza kitufe wewe husikii kitu. Abonyeze, ahesabu moja kimoyomoyo, ndipo aongee. Asipofanya hivyo neno la kwanza linaliwa, na mara nyingi neno hilo ndilo jina la anayeitwa. Mdomo ukae vidole vitatu au vinne kutoka kwenye maiki, asipige kelele, kelele inakwaruza. Akimaliza aseme "ova," aachie kitufe.

Anayeitwa atajwe kwanza, anayeita afuate: "Shangazi, shangazi, hapa ni Kaka Mkubwa, ova." Watoto wanapenda sana hapa, watajipa majina ya ajabu. Waache.

Kisha mkubaliane jambo ambalo wakubwa wengi wanalisahau: redio ikinyamaza, tunafanya nini? Wekeni saa za kuitana, kila nusu saa kwa mfano, na mahali pa kurudi. Asipojibiwa mara tatu, asiendelee mbele akibonyezabonyeza, arudi pale mlipokubaliana. Ndani ya boti wavae jaketi okozi, redio au bila redio, na shangazi asiwaache watangulie peke yao kwa sababu tu anawasikia.

Redio ilidondoka ziwani, nikaiokota baada ya dakika moja. Niiweke kwenye mchele? (Msomaji wa Igogo)

Mchele upike. Zima redio, toa betri mara moja, ikung'ute, ikaushe kwa kitambaa, iache kivulini penye upepo siku mbili tatu. Usiichome juani wala usiiwashe kuonja kama imepona. Una bahati maji yetu si ya chumvi, ingekuwa Bahari ya Hindi kutu ingeshaanza kazi. Ukinunua nyingine tafuta alama ya IPX7, maana yake imejaribiwa kuzama mita moja kwa dakika 30. IPX4 ni ya mvua na marashamarasha tu.

Tuna boti ndogo ya kuvulia sangara kwa burudani. Je, redio koli za kawaida zinatosha, au tutafute za melini? (Wavuvi wa Jumapili, Capri Point)

Tafuteni za melini, kwa leseni. Redio za baharini na ziwani hufanya kazi kwenye VHF, na chaneli 16, yaani 156.8 MHz, ndiyo ya kimataifa ya kuitana na kuomba msaada. Za mkononi zina wati 5 au 6, na nyingi zinaelea zikidondoka. Ya kufungwa kwenye boti ina wati 25, na antena yake juu ya mlingoti inakupa ule urefu nilioueleza kwa msomaji wa Igombe.

Mkipata shida: "Mayday" mara tatu, jina la boti, mko wapi, kuna tatizo gani, mko watu wangapi. Mahali pasemwe mapema, betri ikikata watu wajue pa kuanzia.

Lakini chaneli 16 inasaidia pale tu palipo na sikio. Meli kubwa zinazo redio hizi; mitumbwi mingi ya dagaa inayowasha taa usiku karibu yenu haina. Kwa hiyo bebeni pia simu ndani ya mfuko usiopitisha maji, na mtu aliye nchi kavu ajue mnakwenda wapi na mnarudi saa ngapi, ili akiona kimya apige 112.

Na rudini mapema. Usiku upepo unatoka nchi kavu pande zote, unakutana katikati ya ziwa na kuinua hewa yenye unyevu, ndiyo maana dhoruba nyingi za Ziwa Victoria huanza usiku na kuendelea hadi asubuhi. Redio haivuti radi. Hatari ni kuwa kitu kirefu kuliko vyote juu ya maji matupu, huku mmesimamisha fimbo za kuvulia za kaboni, ambazo hupitisha umeme. Mkisikia ngurumo, zilazeni.

Kuna programu inayogeuza simu kuwa redio koli. Si inatosha? (Msomaji wa Buzuruga)

Inatosha palipo na intaneti. Pasipo na mtandao, hiyo ni simu yenye kitufe kikubwa.

Boksi linasema betri inakaa saa 12, yangu inakufa saa sita. (Msomaji wa Igoma)

Unaongea sana, ndugu yangu. Saa hizo kwa kawaida hupimwa kwa kudhani unaongea asilimia 5 ya muda, unasikiliza asilimia 5, na asilimia 90 redio imekaa kimya. Kuongea ndiko kunakokula chaji, hasa kwa nguvu ya juu. Weka nguvu ya chini mkiwa karibu, ongeza mkitengana. Usiiache kwenye dashibodi ya gari juani, na isubiri ipoe kabla ya kuichaji. Kwa kambi ya siku mbili beba betri ya pili iliyojaa, ndani ya mfuko wa plastiki.