Chopa ya Malindi: usitoe amana kabla ya kuiona shingo ya fremu

Usimpelekee muuzaji huyo hata shilingi moja. Umeuliza kuhusu chopa, yaani pikipiki iliyolazwa na kurefushwa mbele, iliyotengenezwa kutokana na Honda Shadow 750, inayouzwa hapa Malindi: kama bei ni nzuri, kama hendeli ndefu zitakuchosha mikono, inakula mafuta kiasi gani, na kama itakufikisha Mokowe, kwenye gati la boti, kwa safari za Lamu. Kisha mwishoni, kana kwamba ni jambo dogo, ukataja kuwa shingo imekatwa ikalazwa, na kwamba karatasi zitafuata baadaye. Swali lenyewe ni hilo la mwisho.

Shingo ya fremu ni lile bomba fupi linalobeba beringi za usukani, na ndipo viwanda vingi hugonga namba ya fremu. Pikipiki za aina hiyo hutoka kiwandani zikiwa na mwinamo wa shingo wa nyuzi 30 hadi 34 hivi, ilhali chopa hulazwa hadi 40 na zaidi, kwa hiyo fundi anayetaka umbo hilo huikata fremu pale pale penye namba, na mkato huo mmoja unaweza kukuharibia usalama na umiliki kwa pamoja.

Yangu niliuziwa na mtu wa maneno hayo hayo, aliyeniapia kwamba kazi ilifanywa na fundi bingwa wa Mombasa na kwamba kubadilisha jina ni suala la siku chache. Mkaguzi alichukua kitambaa chenye tina ya kuyeyushia rangi, akasugua upande wa kulia wa shingo, na chini ya rangi nyeusi iliyong'aa pakatokea pati ya kijivu, ile ya kuzibia mabonde, iliyopigwa msasa. Alipoichokoa kwa bisibisi tukauona mshono wa kuchomelea wenye vitundu kama mkate wa kumimina, na tarakimu chache tu za namba, nyingine zikiwa zimeliwa na grainda. Pikipiki ya namna hiyo huwezi kuihamisha jina, na askari yeyote barabarani ana kila sababu ya kuishuku kuwa ya wizi.

Barabarani nako hali ilikuwa mbaya. Nikitoka Gede kuelekea Kilifi, kila nilipopunguza mwendo kwenye matuta, gurudumu la mbele lilivutwa upande. Shingo ikilazwa bila hesabu, umbali kati ya pale mstari wa usukani unapogusa ardhi na pale tairi linapokanyaga huongezeka mno, na usukani huwa mzito ukienda polepole. Fundi akijaribu kuurekebisha kwa mabano yanayoshika shoki za mbele, yaliyoinamishwa kupita kiasi, umbali huo hupungua mno, na hapo hendeli hutetemeka ukiwa kasi. Fremu nyingine yenye hati, pamoja na kazi ya kuhamisha injini na nyaya, vilinigharimu zaidi ya bei niliyomlipa muuzaji. Aliyejua kilichofichwa chini ya ile rangi, akanitazama usoni na kupokea pesa zangu, aliuza hatari ya roho ya mtu, na neno hilo silipunguzi makali.

Kwa hiyo, shingo kwanza. Mwombe akuruhusu kufuta rangi, uisome namba mwenyewe, uilinganishe na kitabu cha umiliki, kisha aanzishe uhamisho kwenye akaunti yake ya eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, nawe uukubali kwenye yako kabla pesa hazijamfikia. Akikataa lolote katika hayo, ondoka.

Wapo mafundi wanaopata umbo zuri bila kuigusa shingo, kwa kufupisha mkia, kushusha kiti na kubadilisha tangi na hendeli. Ninayoendesha sasa ni ya namna hiyo, na jioni katika barabara ya Casuarina sijui raha inayoishinda, mradi uisafishe kromu kwa maji ya bomba mara kwa mara kwa sababu ya chumvi ya bahari.

Ukishaifuta rangi, weka hapa picha ya ule mshono, ukiiziba namba, nasi tutakuambia tunachokiona.