Muulize Fundi: Nifunge tabo ili gari likimbie?

SWALI: Shikamoo fundi. Nina Land Cruiser pikapu ya zamani, injini 1HZ, nabeba dagaa kutoka Kigoma kwenda Tabora. Kwenye lami likifika 90 haliongezi tena, moshi mweusi unatanda nyuma. Fundi wa hapa Mwanga anataka kuongeza mafuta kwenye pampu, kisha afunge tabo, ile ya kusukuma hewa zaidi kwenye injini. Nikubali?
Dereva, Kigoma

JIBU: Marahaba mwanangu. Mwambie aiache pampu kwanza. Huo moshi ni dizeli uliyolipia, inatoka bila kuungua vizuri. Akiongeza nyingine utapata moshi zaidi na joto zaidi. Sisemi kwa kusikia. Juu ya meza yangu ya kazi ipo pistoni ya gari langu mwenyewe, kichwani ina tundu la kupitisha kidole gumba na kingo zimeyeyuka. Karakana niliyoiamini ilikaza skrubu ya mafuta ili nipande milima na mzigo. Nilifika Uvinza, gari likazima.

1HZ ni lita 4.2, silinda sita, haina tabo tangu kiwandani. Nguvu yake ya mwisho inaipata kwenye mizunguko 3,800 kwa dakika. Hapo pistoni inashuka kwa muda usiofika sehemu 8 kwa 1,000 za sekunde, na dizeli yote inatakiwa iwe imeshaungua. Nozeli, ile inayopuliza dizeli ndani ya injini, ikichoka, ukienda polepole hutajua. Ukikanyaga ndipo inakuumbua.

Kwa hiyo anza na nozeli. Zipeleke kwa fundi pampu mwenye mashine ya kupimia, na usimwachie uende zako, simama uangalie. Nzima inatoa ukungu laini na mlio wa kukwaruza. Mbovu inarusha uzi kama bomba la sindano, halafu tone linabaki linaning'inia kwenye ncha. Tone hilo ndilo linalokutia moshi.

Halafu hewa. Vumbi la kiangazi linaziba chujio mapema kuliko kitabu kinavyosema. Litoe, mulika taa ndani, kama mwanga haupenyi nunua jipya. Kumbuka pia Tabora iko juu, kama mita 1,200, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya hapa ziwani. Pampu iliyokazwa Kigoma itafuka zaidi kule. Mwambie fundi apime na taiming ya pampu, yaani wakati inapopuliza dizeli, na nafasi za valvu injini ikiwa baridi. Mkanda wa taiming ukishafika kilomita 100,000, badilisha.

Tabo siikatai, ila ije mwisho. Mgandamizo wa 1HZ, yaani pistoni inavyobana hewa, unazidi 22 kwa 1, wakati injini ya 1HD-T, iliyotoka kiwandani na tabo, ina 18.6 kwa 1. Mgandamizo mkubwa ukiongezewa hewa ya tabo, presha na joto ndani ya silinda vinapanda mno. Hivyo ukifunga, presha ya tabo isizidi nusu ba (bar 0.5), bomba la egzosi liwe pana, na uweke geji ya joto la moshi kabla ya tabo. Silinda hedi ipimwe nyufa kwanza. Asiyetaka kukuwekea geji hiyo, usimpe gari lako.

Na breki, mwanangu. Fungua ngoma za nyuma uone viatu vimebaki kiasi gani, maana mzigo wa dagaa hausimami kirahisi kwenye mteremko.

Ukimaliza nozeli na hewa, pakia mzigo uleule, pita njia ileile, kisha niandikie linafika ngapi.