Udongo wa Tanga Una Chokaa: Ushauri kwa Anayeanza Kufinyanga kwa Mkono

Wengi wanaonijia kutaka kujua namna ya kuanza ufinyanzi hapa Tanga huuliza kwanza habari za gurudumu na tanuri la umeme, ilhali vitu hivyo viwili vinaweza kusubiri miaka. Wanawake wa Kisambaa na wa Kizigua wamefinyanga vyungu vya kupikia na mitungi ya maji kwa vidole, gunzi la mhindi na kipande cha kibuyu, wakavichoma juu ya ardhi tupu, na vyombo vyao vikadumu jikoni. Swali linalostahili kutangulia ni la udongo wenyewe, na kwa mtu wa Tanga swali hilo lina jina moja: chokaa.

Anayeijua nchi hii hatashangaa. Mapango ya Amboni yamechimbwa na maji ndani ya mwamba wa chokaa, mawe ya Kiomoni yamekuwa yakichomwa chokaa tangu zamani, na kiwanda cha saruji hakikujengwa Pongwe kwa bahati nasibu. Ukielekea baharini unakutana na matumbawe na makombe yaliyosagika. Kwa hiyo udongo unaouokota karibu na mji, hata ukiwa laini na unavutika vizuri mkononi, huenda umebeba punje za chokaa ambazo jicho halizioni.

Madhara yake hayaonekani siku ya kuchoma, na hilo ndilo linalowachanganya wanaoanza. Chungu hutoka motoni kizima, kikigongwa kinalia vizuri, mwenyewe anakiweka dirishani kukitazama. Baada ya siku kadhaa, kipande chembamba cha duara hubanduka ubavuni na kuacha kishimo chenye nukta nyeupe katikati, kisha kingine, na kingine. Sababu ni kwamba joto linapokaribia nyuzi 800 za Selsiasi, punje ya chokaa huanza kupoteza hewa ukaa iliyomo ndani yake na kugeuka chokaa kali, ile ile ambayo wachomaji wa pwani waliipata kwa kuchoma matumbawe ili kujengea nyumba. Chokaa hiyo hunywa unyevu wa hewa, huvimba, na kwa kuwa imefungwa ndani ya ukuta wa chungu, husukuma mpaka ipate njia. Hewa ya Tanga haikosi unyevu, basi kazi hiyo hufanyika upesi.

Kipimo chake ni limau. Chukua bonge la udongo uliokauka kabisa, livunje, na udondoshee maji ya limau au siki juu ya sehemu iliyovunjika. Ukiona mapovu au ukisikia mchemko mdogo, chokaa ipo. Rudia katika mabonge kadhaa kutoka pembe mbalimbali za shimo, kwa sababu chokaa haikutawanyika sawasawa. Mapovu machache yanayotoka kila mahali yana nafuu kuliko mchemko mkali wa sehemu moja, kwa kuwa chokaa iliyo unga haidhuru sana. Inayobandua kuta ni ile iliyo katika punje.

Ikiwa unaweza kusafiri, nenda bara kidogo, upande wa Muheza na Korogwe, ambako miamba ni ya aina nyingine. Udongo wa vichuguu pia hupendwa kwa sababu mchwa wameshaupepeta na kuuacha laini, ila nao upimwe kwa limau, kwani vichuguu vingine hukusanya chokaa. Usichimbe bila ruhusa ya mwenye shamba au serikali ya kijiji. Usichimbe pia kwenye kingo za mto: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imeweka ukanda wa mita 60 kutoka ukingoni ambao haupaswi kuharibiwa kwa shughuli za binadamu, na Mto Sigi, ambao wengi huukimbilia, ndio unaojaza bwawa la Mabayani linalotunywesha sisi sote mjini. Udongo wa mikokoni uuache pale ulipo. Una chumvi, na chombo chake hutoka na ukungu mweupe juu.

Udongo ukishapatikana, uukaushe kwanza. Najua inaonekana ni kazi ya kurudi nyuma, kukausha kitu unachotaka kukilowesha, lakini bonge kavu likitiwa majini hupukutika lenyewe ndani ya muda mfupi, wakati bonge bichi hukaa siku nyingi likiwa gumu katikati. Liache ndooni hadi liwe uji, koroga, subiri mchanga mzito utue, kisha mimina uji huo kwenye chekecheke la unga na baadaye kwenye kitambaa chepesi cha pazia. Hapo ndipo punje za chokaa zinapobaki. Hatua hii huchosha na watu huiruka. Mimi naiona ndiyo nusu ya ufinyanzi katika mji huu. Uji uliochujwa uutandaze juu ya gunia lililokunjwa mara mbili, upunguze maji hadi udongo usishike tena vidoleni, ukande, uufunge ndani ya mfuko na kuuacha wiki kadhaa. Udongo uliokaa hukubali kukunjwa kuliko uliotoka kuchujwa jana.

Kabla ya kuufinyangia chombo, tengeneza kipande bapa, chora juu yake mstari wa sentimita 10, kiache kikauke, upime tena. Mstari ukiwa umepungua kwa zaidi ya sentimita moja, udongo huo unanata mno na utapasuka wakati wa kukauka, kwa hiyo unahitaji kitu cha kuulegeza. Hapa nasisitiza kwa sauti: usitie mchanga wa baharini. Mchanga wa pwani yetu una vipande vya matumbawe na makombe, na ukiutia utakuwa umeirudisha kwa mkono wako chokaa uliyohangaika kuitoa. Tumia mchanga wa mtoni uliopimwa kwa limau, au bora zaidi vigae vya vyungu vilivyovunjika, vilivyotwangwa kinuni na kupepetwa. Kwa chungu cha kupikia mimi huchanganya kipimo kimoja cha vigae kwa vitatu vya udongo. Vigae vimeshapita motoni, havisinyai tena, na huusaidia ukuta kuvumilia kupata moto na kupoa mara kwa mara.

Kuhusu kufinyanga kwenyewe nitasema kidogo, kwa kuwa mkono hufundishwa na mkono. Mtafute bibi anayeijua kazi, umwamkie, uombe kukaa karibu naye ukitazama. Utajifunza mengi katika asubuhi moja. Yule aliyenielekeza mimi, huko vijijini upande wa Muheza, alikuwa akisema, “Mjukuu wangu, kitako kwanza, shingo baadaye,” maana wanaoanza hukimbilia umbo la mdomo huku chini kukiwa kunene na juu kwembamba. Unene ukitofautiana, chombo hukauka kwa mwendo tofauti na kupasuka panapokutana.

Mapambo ndipo mimea inapoingia kwa raha. Ukili wa mkeka uliosukwa kwa ukindu, ukibanwa kwenye udongo ambao bado una ubichi, huacha msuko wake wote, na hakuna kifaa cha dukani kinachoufikia. Majani yenye mishipa iliyotokeza, kama ya mkorosho, yabandikwe kwa upande wa chini, yabanwe kwa kitambaa, kisha yaondolewe taratibu. Chuma ya uani kwako. Msitu wa Amani ni hifadhi na majani yake hayachumwi. Anayependa michoro ya kukata kwa kijiti anayo historia ndefu nyuma yake, kwani vigae vya milenia ya kwanza vilivyofukuliwa katika pwani hii vina mistari ya pembetatu mabegani, na mwanaakiolojia Profesa Felix Chami ameipa michoro hiyo nafasi kubwa katika kueleza chimbuko la miji ya Waswahili.

Chombo kikauke kivulini, mbali na upepo wa upande mmoja. Wakati wa masika usitegemee kuwa kimekauka kwa sababu tu kinaonekana cheupe. Kiweke shavuni, na kikiwa baridi kuliko hewa, bado kina maji.

Moto wetu ni wa makuti, makumbi na vifuu, na una tabia ya kupanda ghafla. Kwa hiyo vyombo vianze kwa kupashwa kifudifudi pembezoni mwa moto mdogo, muda wa kutosha, kwa maana maji yaliyobaki ukutani yakigeuka mvuke kwa haraka hupasua chombo kwa kishindo. Ndipo vipangwe juu ya kitanda cha vifuu, vizungushiwe makumbi, na makuti yawe ya mwisho juu. Udongo haugeuki chombo hadi joto lipite nyuzi 600 hivi. Chini ya hapo, ukikitia majini kitarudi kuwa tope. Kwa upande mwingine, tumeshaona kwamba kuelekea nyuzi 800 chokaa iliyosalia huamka. Mwanya wetu basi ni mdogo, na njia ya kuupata bila kipimajoto ni kuchoma jua likishazama, ukiangalia rangi: wekundu uliokolea, unaoonekana wazi lakini usiong’aa, unatosha, na vyombo vikielekea wekundu wa kung’aa usiongeze kuni. Kwa sababu hiyo hiyo, msihangaike na mapishi ya kupaka majivu ili chombo king’ae kama kioo. Majivu hayo huhitaji zaidi ya nyuzi 1,200, na makuti hayafiki huko.

Badala ya kioo tuna magome na majani. Maji ya kuchemsha mimea yenye tanini, ule ukakasi unaokausha ulimi, yakichemka mpaka yakawa meusi kama chai ya rangi iliyosahauliwa jikoni, hunyunyiziwa kwa kichane cha majani kwenye chungu kilichotolewa motoni kwa miti, kingali moto lakini wekundu umeshaondoka. Chungu hulia, hubadilika rangi kuwa ya kahawia yenye madoa, na uvujaji wake hupungua, ingawa hauishi kabisa. Pwani hii mkoko na mkandaa ndiyo miti inayojulikana kwa tanini, ila mikoko ni misitu ya hifadhi na kuivuna kunahitaji kibali, na mti uliobanduliwa magome pande zote hufa. Majani ya mti wa mkungu yaliyoanguka, ambayo mji wa Tanga unayafagia kila asubuhi, yanatosha, na maganda ya komamanga ni makali zaidi.

Usinyunyizie mtungi wa maji. Huo unatakiwa uvuje jasho kidogo, kwani maji yanayokauka kwenye ngozi yake ndiyo yanayopoza yaliyo ndani. Chungu cha kupikia kipikwe uji mwepesi wa mahindi kabla ya mchuzi wa kwanza, wanga uzibe vitundu, halafu kizoeshwe makaa kwa kuanza na moto mdogo. Kwenye jiko la gesi weka bati chini yake, kwa sababu ndimi za moto zinazopiga mahali pamoja hukipasua kitako hata kama udongo wake haukuwa na punje moja ya chokaa.