Mkono unagoma kuachia nyundo: ni neva au ni msuli?

Swali: Shikamoo daktari. Kaka yangu ni seremala, ana miaka 36. Akikamata nyundo kwa nguvu, vidole vinagoma kufunguka, inabidi avikunjue kwa mkono wa pili. Hospitali walimgonga kwa kile kinyundo cha mpira: goti likajibu kwa mbali, nyuma ya kisigino kimya kabisa. Ameambiwa ana distrofia ya maiotonia. Nyumbani tunasema mishipa ya fahamu imekufa. Ni kweli?

Jibu: Marahaba. Hapana, haijafa. Huu ni ugonjwa wa kurithi wa misuli: inadhoofika, na ikijikaza inakawia kulegea.

Tuanze na kinyundo. Daktari akigonga kano ya kisigino, kano inavutika, neva inapeleka habari kwenye uti wa mgongo, uti unarudisha amri, shavu la mguu linajikaza na unyayo unashuka. Hiyo ndiyo rifleksi, ubongo hauulizwi. Katika ugonjwa huu kwa kawaida habari inafika na amri inarudi. Anayeshindwa ni mpokea amri: msuli umenyauka, hauna nguvu ya kuitika. Ndiyo maana rifleksi hufifia pale pale misuli ilipodhoofu.

Vidole kukawia kufunguka ni kisa kingine. Kwenye jeni ya DMPK, kromosomu ya 19, herufi tatu za maandishi ya urithi, CTG, zinajirudia. Mtu asiye na ugonjwa kwa kawaida hafikishi marudio 40. Mgonjwa anaanzia kama 50, na wapo wanaopita 1,000. Nakala ya jeni iliyorefuka hivyo inanasa protini ambazo kazi yake ni kuhariri nakala za jeni nyingine, na milango ya msuli ya kupitishia kloridi, chembe ya chumvi yenye umeme, inatengenezwa vibaya. Kloridi ndiyo inayotuliza umeme wa msuli baada ya kazi. Ikikosa njia, msuli unaendelea kujiwasha wenyewe hata kama neva imeshanyamaza. Hata ukiipiga neva ganzi, gonga nyama ya kiganja iliyo chini ya kidole gumba: gumba litajikunja, kisha litarudi polepole. Kwenye kipimo cha sindano, EMG, tunausikia umeme huo ukipanda na kushuka kama bodaboda inayopigwa resi kisha ikaachiwa.

Akifumba na kufumbua ngumi mara kadhaa, mkono hulainika. Afanye hivyo kabla ya kushika randa.

Mfumo wa fahamu nao hausalimiki wote. Usingizi mzito wa mchana, ambao ndugu huuita uvivu, unatokana na ubongo. Akilalamika ganzi miguuni, apimwe sukari, maana ugonjwa huu hufanya insulini isifanye kazi sawasawa.

Mimi lakini vidole havininyimi usingizi. Moyo ndio. Umeme wake unaweza kukatika bila dalili, kwa hiyo apimwe ECG, kipimo cha umeme wa moyo, kila mwaka, na akizimia au kuhisi kizunguzungu asisubiri miadi. Siku akihitaji upasuaji, hata wa ngiri, mtoa nusu kaputi alijue jina la ugonjwa mapema: suksamethoniamu, dawa ya kulegeza misuli, kwake inaweza kumkaza taya asiwekewe mpira wa hewa, na dawa za usingizi zinaweza kumzidi pumzi.

Kila mtoto wake ana nafasi nusu kwa nusu ya kurithi, na mara nyingi dalili huanza mapema kuliko kwa mzazi. Nawe ni ndugu yake: kama mkono wako nao hukawia kuachia kitasa cha mlango, njooni wote wawili.