Deki ya kuhamishia kanda za harusi kwenye DVD

Dada, umeuliza ununue deki ipi ya kuhamishia kanda za VHS za harusi ya wazazi kwenye DVD. Tafuta yenye mlango wa kanda na wa diski, lakini hakikisha inarekodi; nyingi zinacheza DVD tu. Mpya usitegemee: Funai, kampuni ya Japani iliyokuwa ya mwisho kuzitengeneza, iliacha 2016. Ya mtumba kutoka Marekani iache, ni ya NTSC, mfumo wa video wa huko, na kanda zetu za huku ni za mfumo mwingine, PAL. Deki utakayopata ijaribu kwa kanda usiyoijali.

Kwanza inua kile kifuniko cha mbele cha kanda utazame utepe. Ukiona ukungu mweupe kingoni, tafadhali usiitie kwenye deki: itachafua hedi (kichwa kinachosoma utepe) na kuambukiza kanda nyingine zote. Mpelekee fundi aisafishe. Diski moja usizidishe saa 2, ubora wa picha utashuka.