Ukija Kunyanyua Vyuma Bukavu, Ongeza Muda wa Kupumzika

Vijana wanaopanda kutoka Uvira, au wanaofika kutoka Kinshasa, huniuliza kama wapunguze uzito wa vyuma wanapofanya mazoezi nasi hapa Bukavu, mji ulio mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari. Baada ya miaka mingi ya kunyanyua na kufundisha, jibu langu ni hili: uzito uacheni ulivyo, ongezeni pumziko kati ya seti, yaani kati ya mafungu ya minyanyuo mnayofanya mfululizo.

Mnyanyuo mmoja mzito huisha kwa sekunde chache, na nguvu yake hutoka katika akiba ya fosfokreatini (kemikali ya nguvu ya haraka) iliyomo misulini, ambayo hutumika bila oksijeni. Kuijaza tena ndiko kunakodai oksijeni. Hewa yetu ina asilimia 21 ya oksijeni kama ya pwani, lakini mgandamizo wake ni mdogo kwa takriban asilimia 16, hivyo kila pumzi huingiza oksijeni pungufu. Ndiyo maana mgeni huchuchumaa na chuma mabegani vizuri kabisa katika seti ya kwanza, kisha ifikapo ya tatu unamkuta ameinama, viganja magotini, akihema kinywa wazi, ilhali mapaja bado yana nguvu. Aliyezoea kupumzika dakika mbili apumzike tatu au nne katika wiki za mwanzo, na asianze seti nyingine kabla ya kuweza kutamka sentensi nzima bila kukatishwa na pumzi.

Maji nayo yanywewe kwa wingi, hasa Julai hewa inapokauka. Wapo wanaowaahidi vijana kwamba watarudi Kinshasa na damu mpya. Kwa kimo hiki, mimi naona ahadi hiyo imezidi kiasi, kwa sababu ongezeko la chembe nyekundu za damu ni dogo, huchukua wiki kadhaa, na halipatikani bila madini ya chuma ya kutosha kutoka kwenye maharage, nyama au maini.

Ninalolisisitiza kuliko yote ni kipimo cha selimundu, ugonjwa wa kurithi wa chembe nyekundu za damu. Mtu mwenye AS, yaani aliyerithi jeni ya selimundu kwa mzazi mmoja tu, anaweza kuishi bila dalili yoyote, lakini juhudi kali mfululizo, joto, upungufu wa maji na kimo humwongezea hatari ya misuli kuharibika. Akihisi miguu inalegea ghafla au inauma isivyo kawaida, aache mazoezi papo hapo, anywe maji, na asipopata nafuu apelekwe hospitali bila kusubiri mazoezi yaishe.